BAISIKELI ZETU HULALA WAPI?
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Jumapili)



Leo hatusemi habari za mishahara. Twataka kusema habari za baisikeli zetu zinazolala nje.

Kila mtu wa reli ajua kwamba zamu ya saa kumi alfajiri haingoji basi. Baisikeli ndiyo miguu yetu. Lakini nyumba zetu hazina mahali pake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na nyumba za wafanyakazi zilizojengwa baadaye pale Muthurwa zilikuwa za chumba kimoja kimoja. Hata leo wengi wetu twapanga chumba kimoja, na kitanda, jiko na watoto wamekwisha kukijaza. Baisikeli yabaki nje, chini ya dirisha.

Mwenzetu mmoja wa kutengeneza njia aliifunga yake kwa mnyororo katika gurudumu la mbele. Asubuhi alikuta gurudumu na mnyororo, baisikeli imekwenda. Alienda kazini kwa miguu, akachelewa, akakatwa mshahara wa siku. Tena akamshuku jirani yake, ambaye ni mwanachama kama yeye, na mpaka sasa hawasalimiani. Basi mwizi yule aliiba vitu viwili: baisikeli na umoja wetu.

Ndugu zetu, behewa likiachwa usiku twalifunga breki na kutia kabari magurudumuni. Mbona mali ya tajiri twailinda hivyo, na yetu twaiegemeza ukutani tu?

Kwanza, mnyororo upite katika fremu na katika gurudumu pamoja, kisha ushike kitu kisichong'oka. Gurudumu peke yake hufunguliwa kwa spana.

Pili, kufuli lisilale chini. Likilala juu ya simiti, mwizi hupata mahali pa kulipigia nyundo. Tundu la ufunguo litazame chini ili mvua isiingie.

Tatu, funika kwa turubai, lakini acha hewa ipite kwa chini. Ukifunika kabisa, unyevu hukaa ndani na kuleta kutu. Mnyororo wa pedali upate mafuta.

Nne, fremu ina nambari iliyopigwa katika chuma, mara nyingi chini, karibu na pedali. Iandike, uiweke pamoja na risiti. Polisi wakikuuliza, usiseme tu "ilikuwa nyeusi".

Lakini hicho kitu kisichong'oka tutakipata wapi? Hapa ndipo tunapohitajiana. Majirani wachange, wanunue bomba nene la chuma, fundi alikunje mfano wa herufi U iliyopinduliwa. Juu ya ardhi libaki kama sentimita 75, na miguu yake ishuke chini sentimita 30 au zaidi. Kila mguu ulehemiwe kipande cha chuma cha kukingama, ili usivutike wala kuzungushwa. Shimo lijazwe simiti sehemu 1, mchanga 2, kokoto 4, nanyi mnyunyizie maji kwa siku 7 kabla ya kulitumia. Bomba moja lachukua baisikeli mbili, huku moja na huku moja. Mabomba matano yatosha nyumba kumi. Yawekwe mbele ya madirisha, penye taa, si nyuma ya vyoo ambako mwizi hufanya kazi yake kwa raha.

Kabla ya kuchimba, mwombeni mwenye nyumba kwa barua, wote mtie sahihi. Mmoja akienda peke yake ataambiwa arudi kesho. Kumi wakienda pamoja watasikilizwa.

Mwenzetu mmoja aliuliza kama hatuwezi kuchukua vyuma vikuukuu vya karakana. Hapana, ndugu. Vile si vyetu, hata vikiwa na kutu. Hatuwezi kumzuia mwizi kwa kuwa wezi sisi wenyewe, tena mtu apoteze kazi kwa ajili ya kipande cha chuma. Tununue, tuchukue risiti.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Yule ndugu yetu na jirani yake wakichimba shimo moja na kufunga katika bomba moja, labda watasalimiana tena. Tuanze mwisho wa mwezi huu, kabla mwingine hajaamka na kukuta gurudumu tu.