Daftari la Gombe na Kijana wa Katonga

Rambirambi za Jane Goodall, mtafiti wa sokwe mtu, mmezisikia tangu alipofariki Oktoba 1, 2025. Kituo hiki cha redio nacho kinampa pole kila aliyeguswa. Lakini kinachotusumbua ni daftari. Tangu Julai 1960 maisha ya sokwe mtu wa Gombe, hapa Kigoma, yamekuwa yakiandikwa, mama na mwana, kwa majina yao. Miaka 20 ijayo kalamu hiyo atakuwa nayo nani? Kijana wa mwaloni hapa Katonga yumo?

Tunauliza kwa sababu historia yetu inajibu. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Zaire ya wakati ule, waliwateka wanafunzi watatu na mtafiti msaidizi mmoja pale Gombe, na wanafunzi wa kigeni wakaondoka. Daftari halikufungwa. Waliolishika ni wenyeji wa mwambao huu, akina Hilali Matama, wasio na shahada, wakiandika kwa Kiswahili: sokwe fulani kala nini, kakutana na nani, kaelekea bonde lipi. Mfuatiliaji huamka gizani ili awe chini ya mti kabla sokwe hajashuka kiotani, na harudi mpaka amwone akisuka kiota kingine jioni. Watu hao walifundishwa kazi huku wakilipwa. Walilipwa. Leo mafunzo kwa vitendo, mara nyingi, yanamtaka kijana alete barua ya chuo, ajilipie nauli, ajitafutie malazi na ajilishe. Posho hakuna. Basi anayeweza kwenda ni mwenye mzazi wa kumgharimia, na mtoto wa mvuvi anabaki mwaloni.

Wapo wanaosema utafiti ni wa wasomi. Goodall mwenyewe alishuka Kigoma akiwa na miaka 26, bila shahada yoyote. Cambridge alikwenda baadaye. Wengine wanatoa hoja nzito zaidi, kwamba sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu, na mwaka 1966 polio iliwalemaza na kuwaua sokwe wa Gombe. Hilo hatulipuuzi hata kidogo. Ndiyo maana tunasema mafunzo, hatusemi matembezi. Somo la kwanza liwe kukaa mbali, na mwenye mafua asiingie msituni. Mengine yafundishwe nje ya hifadhi, katika vitalu vya miche na misitu ya vijiji, kazi ambayo mradi wa TACARE umekuwa ukiifanya mkoani hapa tangu 1994. Anayetaka kujifunza kulea wanyama yatima, Uganda wana kisiwa cha Ngamba, ambako sokwe waliookolewa wanatunzwa tangu 1998. Na fedha? Tuanze kidogo. Roots & Shoots, mpango wa vijana wa Goodall, ilianza mwaka 1991 Dar es Salaam na wanafunzi 12 tu. Katonga ianze na sita, lakini wenye posho.

Muda upo. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Ziwa likifungwa, vijana wanakaa wakitazama nyavu zilizokauka. Wahifadhi, vyuo, halmashauri, miezi hiyo mitatu wapeni daftari! Wekeni posho kwenye bajeti, muitaje kwa jina lake, posho, na tangazo libandikwe pale mwaloni ambako vijana wapo. Wazazi, waacheni waende, wa kike na wa kiume. Na wewe kijana unayetusikiliza ukiwa umekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kesho asubuhi nenda ofisi ya kijiji au ya mtaa, uliza nafasi ni ngapi. Ukishajibiwa, uliza na posho ni kiasi gani.