Namba Nzuri Inaweza Kutudanganya

Maneno niliyosema kwenye mkutano wa wanachama



Kila mmoja hapa anajua mazuku. Mliporudi, wengi mlipata parseli upande wa Mugunga na Bulengo, na kule kuna mabonde kati ya mawe ya volkeno ambamo ile hewa mbaya inalala. Haina rangi, haina harufu. Ni kaboni dioksidi. Inatoka chini ya ardhi, ni nzito kuliko hewa, na usiku upepo ukitulia inajaa bondeni. Asubuhi unakuta mbuzi amekufa. Siku nyingine, ni mtu.

Kijana mmoja fundi wa magari alinionyesha kazi yake. Amechukua sensa ya oksijeni ya gari, ile mafundi wanaita sonda lambda, akaiunga na kontrola yake. Kontrola inatoa volti 0 mpaka 5. Waya mmoja unazipeleka kwenye ekrani, mwingine kwenye kifaa cha kurekodi. Sensa inashushwa bondeni kwa kamba, mtu anabaki juu akisoma. Wazo ni zuri kabisa, juu pua ya mtu haishuki.

Mwanzoni vifaa havikupatana. Hewa ni ileile, lakini ekrani inasema 20,9 na rekodi inasema 20,2. Kosa lilikuwa kwenye masi. Sensa hiyo ina hita inayokula umeme mwingi, na hita ilitumia waya mmoja wa masi pamoja na kipimo. Tukatenga: masi ya hita ikaenda moja kwa moja kwenye betri kwa waya mnene. Masi ya ekrani na ya rekodi zikakutana sehemu moja, kwenye masi ya kipimo ya kontrola. Namba zikalingana.

Kijana akafurahi: "Iko muzuri! Tuanze kupima parseli za watu." Nikamwambia, bado.

Tupige hesabu pamoja. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20,9. Kaboni dioksidi ikichukua sehemu moja ya kumi ya hewa, oksijeni inashuka mpaka 18,8 tu. Ukiona hivyo kwenye ekrani utasema betri imechoka. Kumbe kwenye kaboni dioksidi ya asilimia 10, mtu mzima anazimia ndani ya dakika chache. Gesi hiyo yenyewe ni sumu, hata kama oksijeni bado iko. Tena sensa ya gari inapashwa moto kupita nyuzi 700. Penye gesi inayowaka, hicho ni kiberiti.

Kamati imeombwa kununua vifaa kama hivi kwa pesa ya kasha letu. Naomba hivi: waya, ekrani na rekodi tuvitunze, kijana tumpe kazi, lakini sensa iwe ya kupima kaboni dioksidi yenyewe.

Tukingojea, tushike haya. Watoto wasicheze bondeni, zaidi asubuhi mapema. Kabla ya kujenga, ulizeni watu wa OVG na majirani wa zamani. Mshumaa ukiendelea kuwaka si ushahidi kwamba pako salama. Na mtu akianguka mule, usimfuate. Wengi wamekufa wakienda kuokoa.