SHOMORO WA UANI NA NAMNA YA KUMTAMBUA



Katika nchi ya Ukamba, kule Kitui na Makueni, ni shida kuona boma lisilo na ndege wadogo wa rangi ya udongo. Hurukaruka chini ya ghala, huokota punje zilizoanguka wakati wa kupura mtama, na jua likipanda sana huenda wakajificha katika kivuli cha paa. Watu huwapita bila kuwatazama, kama wayapitavyo mafiga ya jikoni. Mkamba husema tu kwamba ni nyunyi, yaani ndege; Mswahili husema shomoro, na wengine huwaita jurawa au shorewanda; na habari yao huishia hapo.

Lakini kutowatambua ndege hawa kuna hasara. Mkulima aliyekwisha kupoteza nusu ya mawele yake kwa ndege hurudi nyumbani na hasira, na hasira hiyo humwangukia ndege yeyote mdogo aliye uani. Watoto hupewa ruhusa ya kutumia manati. Wako hata watu wanaochanganya punje na dawa ya wadudu na kuzitawanya karibu na ghala. Kisha hufa shomoro, hufa njiwa, na asubuhi yake hufa kuku wa mwenye nyumba. Mwizi mwenyewe hakuwapo kabisa.

Mwizi huyo ni kwelea. Yafaa ajulikane kwanza, kwa kuwa akitoka njiani wale wengine watatazamwa kwa moyo mweupe. Kwelea ni mdogo, mwenye michirizi ya kahawia mgongoni, na kwa mbali hufanana sana na shomoro jike. Alama yake ni mdomo, ambao ni mnene na mwekundu. Wakati wa kuzaa dume hupata uso mweusi, na mdomo wa jike hugeuka kuwa wa manjano. Shomoro hana mdomo mwekundu hata siku moja. Wake ni mweusi, au wa rangi ya pembe. Alama ya pili ni mwendo. Shomoro huja wawili wawili, au kikundi kidogo kama jamaa ya nyumba moja. Kwelea huja kama moshi: maelfu kwa maelfu, wakigeuka wote kwa pamoja, na mti wanaotua huinama matawi. Kwelea mmoja hula kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku. Kiasi hicho si kitu. Lakini ndege 100,000 humaliza tani nzima kabla jua halijatua, na hupenda zaidi punje zikiwa bado na maziwa.

Dhidi ya jeshi hilo, kazi ya kuamia ndege kutoka juu ya dungu, kwa teo na kelele za madebe, husaidia shamba dogo, lakini huwatoa watoto shuleni. Makundi yakiwa makubwa mno, yafaa kupeleka habari mapema kwa bwana shamba, ili malalo ya ndege hao yatafutwe. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1962, hushughulika na kwelea pia, na ndege zake hunyunyizia malalo dawa wakati wa jioni. Dawa hiyo ni sumu kali. Kwelea waliokufa kwa dawa wasiokotwe kuwa kitoweo, hata kama ni wengi na wanono.

Sasa turejee uani. Wa kwanza kutazamwa ni shomoro mwenye kichwa cha kijivu, ambaye wataalamu humwita kwa mfano wa kasuku kwa sababu ya unene wa mdomo wake. Kichwa, koo na kidari vyote ni vya kijivu, na mabawa na mgongo ni vya rangi ya kutu. Dume na jike hufanana, hivi kwamba hata mtazamaji mzoefu hawatenganishi kwa macho. Huyu ni mkubwa miongoni mwa shomoro, hufika sentimita 18, na nchi kavu ndiyo kwao. Jina lake la kitaalamu alilopewa mwaka 1890 latokana na Gongoni, katika pwani ya Kenya.

Wa pili ni shomoro wa rangi ya kutu, ambaye hukaa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, na nje ya nchi hizi mbili ni shida kumwona. Dume ana utosi wa kijivu na doa jeusi kooni, na nyuma ya jicho mstari wa kutu unaopinda kuzunguka shavu. Mtu akitaka hakika na atazame jicho lake, kwa maana ni jeupe-jeupe. Alama hiyo ni ndogo, lakini huondoa ubishi wote, kwa sababu yuko mgeni mmoja anayefanana naye sana, na jicho la mgeni huyo ni jeusi.

Mgeni huyo ni shomoro wa mijini, yule wa Ulaya na Bara Hindi. Alianzia Mombasa, akakaa huko miaka mingi, kisha akapanda bara kufuata njia za watu. Hapendi pori, hupenda maduka, vituo vya mabasi na makombo ya chapati. Katika miji iliyo kando ya reli na barabara kuu, kama Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, ndiko anakofaa kutazamiwa kwanza.

Wa nne ndiye mwenye visa vingi. Ni mdogo kuliko wote, sentimita 11 tu, na dume akikomaa huwa wa hudhurungi iliyokolea mwili mzima. Jina lake la kitaalamu ni la ukumbusho wa Emin Pasha, aliyeuawa Kongo mwaka 1892. Badala ya kujitaabisha kujenga, mara nyingi shomoro huyu hungoja mnana amalize kufuma kiota chake, kisha humsumbua na kumghasi mpaka mwenye nyumba achoke na kuondoka. Mzee yeyote aliyepata kugombania mpaka wa shamba atamwelewa mnana.

Huenda mtu akauliza, je, shomoro nao hawali nafaka? Hula, na kuficha jambo hilo si haki. Lakini makinda yao hulishwa zaidi wadudu, na mzazi huleta viwavi na panzi tangu alfajiri mpaka jioni. Mwaka 1958 serikali ya China iliamuru watu wawaue shomoro wote kwa kuwa walikula mpunga na ngano. Watu walipiga ngoma na masufuria mchana kutwa ili ndege wasipate pa kutua, wakaanguka kwa uchovu. Baadaye wadudu waliongezeka mashambani, na mwaka 1960 jina la shomoro likaondolewa katika orodha ya maadui na mahali pake likawekwa la kunguni.

Kuwatazama hakuhitaji darubini. Gae la chungu lililotiwa maji kidogo na kuwekwa kivulini, mbali na paka, latosha. Ni kweli kwamba maji Kitui hayachezewi, na mwanamke aliyeyachota katika kisima cha mchanga mtoni hatapenda kuyaona yakimwagiwa ndege. Basi na yawe yale yaliyosuuzia vyombo, yasiyo na sabuni. Miezi ya kiangazi, kabla ya mvua za Oktoba au Novemba, ndiyo mizuri, kwa kuwa ndege hawana pengine pa kunywa. Mtazamaji akae kimya asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake, aanze na mdomo, aende kooni, amalizie jichoni. Mtoto aliyefundishwa hivyo, akipewa daftari na penseli, huandika tarehe na alama za kila ndege aliyekuja, na manati hubaki imetundikwa msumarini.