Elimu kwa Lugha ya Nani? Korais, Mwalimu Nyerere na Darasa la Karatu

Mhadhara wa umma uliotolewa Karatu



Mmenipa nafasi ya kuzungumzia Zama za Mwangaza, kipindi ambacho wasomi wa Ulaya walianza kudai kwamba akili ya binadamu ina haki ya kuhoji mfalme, kasisi na mapokeo. Kwa kawaida mada hii huanzia Ufaransa kwa Voltaire na Rousseau. Mimi nitaanza na msomi wa taifa dogo lililotawaliwa na wengine, kwa sababu maswali yake yanafanana na yetu: watu wasio na dola yao wafundishwe nini, na kwa lugha ipi? Kutoka kwake nitakwenda Butiama, kisha nitarudi hapa Karatu.

Msomi wa Smyrna

Adamantios Korais alizaliwa Smyrna mwaka 1748, katika familia ya wafanyabiashara yenye asili ya kisiwa cha Chios. Wakati huo hapakuwa na nchi huru iitwayo Ugiriki. Wagiriki walikuwa raia wa himaya ya Uthmaniya, wametapakaa kuanzia Balkani hadi pwani ya Asia. Kijana Korais alitumwa Amsterdam kusimamia biashara ya familia. Biashara haikumfaa, ila Uholanzi ilimfungua macho. Mwaka 1782 alikwenda Montpellier kusomea udaktari, na mwaka 1788 akahamia Paris. Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka mwaka uliofuata alikuwa mjini humo, akimwandikia rafiki yake wa Smyrna barua za kumsimulia aliyoyaona. Aliishi Paris hadi kifo chake mwaka 1833.

Hakurudi kupigana. Kazi yake ilikuwa vitabu. Mwaka 1802 alitafsiri kitabu cha Mwitalia Cesare Beccaria kinachopinga mateso na adhabu ya kifo, akaitunuku tafsiri hiyo Jamhuri changa ya Visiwa Saba, ili Wagiriki waliopata utawala wao wasianze kwa kurithi vitanzi vya watawala wa zamani. Kisha akaanzisha mfululizo wa vitabu aliouita Maktaba ya Kigiriki. Ndani yake alichapisha waandishi wa kale, wakiwemo Isokrates, Plutarko na Aristotle, na kila kitabu akakitangulizia utangulizi mrefu ulioandikwa kwa lugha iliyo karibu na ile ya watu wa siku zake. Katika kurasa hizo alijadili shule, maadili, uongozi na lugha yenyewe. Mtu alinunua kitabu cha mzee wa kale, akakuta ndani yake mwalimu wa leo. Gharama zililipwa na ndugu wa ukoo wa Zosimas, wafanyabiashara wenye asili ya Ioannina, na nakala nyingine ziligawiwa bure kwa wanafunzi waliostahili.

Hapo kuna jambo la kuzingatia. Elimu ile haikungoja serikali, maana serikali haikuwapo. Ilibebwa na wafanyabiashara, makasisi, walimu na wachapaji waliokuwa ughaibuni. Vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1821, Korais aliviunga mkono, lakini aliamini vimekuja mapema mno. Alihofia kwamba watu wasiosoma wangemwondoa bwana mmoja na kumweka mwingine.

Mwalimu wa Butiama

Nikitafuta mtu wa aina hiyo katika historia yetu, siendi mbali. Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, mji uliokuwa kitovu cha Mwangaza wa Waskoti katika karne ya 18. Alipata shahada yake mwaka 1952, akarudi kufundisha Pugu, na mwaka 1955 akaacha kazi hiyo ili akitumikie chama cha TANU.

Tunamkumbuka kama Rais, na mara nyingi tunamsahau mfasiri. Mwaka 1963, akiwa Ikulu, alichapisha tafsiri ya Kiswahili ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, akairekebisha na kuitoa upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo ukatoka Mabepari wa Venisi. Tamthilia ya kwanza inahusu watu waliomuua mtawala wakidhani wameleta uhuru, wakavuna vita. Mwaka 1963 nchi ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru. Mimi nasoma uchaguzi ule kama utangulizi wa Korais: maandishi ya kale yaliyoelekezwa kwa wananchi wa leo. Miaka michache kabla ya kufa aliwatolea Watanzania Injili kwa utenzi.

Lakini pale ambapo Korais alibaki Paris na wino wake, Nyerere alikuwa na dola mkononi, akaitumia. Mwaka 1967 alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huohuo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wazee waliokaa hapa wanakumbuka madarasa ya kisomo: ubao chini ya mti, taa ya chemli, mama mwenye mtoto mgongoni akiandika jina lake. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili kijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1967, wakati wa Azimio la Arusha, takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia katikati ya miaka ya 1980, kwa takwimu za serikali, waliobaki hivyo walikuwa kama mmoja kati ya kumi. Mafanikio hayo baadaye yalirudi nyuma, lakini hilo halifuti ukweli kwamba taifa maskini lilifundisha umma wake kwa lugha yake na likafanikiwa.

Lugha ya katikati na gharama yake

Sasa nieleze kosa, ingawa wasomi hawa wawili hawakukosea katika nia. Walikosea, au waliachia wengine wakosee, katika jambo moja.

Korais alikuta ugomvi. Wapo waliotaka Wagiriki wasome na kuandika Kigiriki cha kale. Wapo waliotaka lugha ya sokoni kama ilivyo. Yeye akapendekeza njia ya kati: lugha inayozungumzwa, iliyosafishwa maneno ya kigeni na kunyooshwa. Nia yake ilikuwa kumsogeza msomaji wa kawaida karibu na vitabu. Alipokufa, dola mpya ikaichukua lugha hiyo, na wasomi wakaendelea kuisafisha hadi ikawa mbali na kinywa cha mtu yeyote. Ikaitwa katharevousa, na ikawa lugha ya sheria, magazeti ya serikali na shule. Mtoto wa mvuvi alizungumza lugha moja nyumbani, akasomeshwa kwa nyingine, kisha akaambiwa hana akili.

Jambo hilo halikuwa dogo. Mwaka 1901, gazeti moja la Athens lilipochapisha Injili kwa lugha ya kawaida, zilizuka ghasia na watu wanane wakapoteza maisha. Mwaka 1917 serikali iliingiza lugha ya kawaida katika shule za msingi, na tangu hapo kila utawala uliofuata ukaja na msimamo wake. Wanajeshi walioipindua serikali mwaka 1967 waliirudisha katharevousa kwa nguvu. Ni mwaka 1976 tu ambapo lugha inayozungumzwa ilikubaliwa rasmi kuwa lugha ya shule. Hesabuni tangu kifo cha Korais: miaka 143. Kizazi baada ya kizazi cha watoto wa wakulima kilisomea kwenye ukungu.

Kidato cha kwanza

Ndugu zangu, sisi tunayo katharevousa yetu, nayo ni Kiingereza cha kidato cha kwanza.

Mtoto wa Karatu anasoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Anajifunza usanisinuru, mfumo wa chakula na sehemu za ua. Anafaulu. Januari anaingia sekondari, na kila kitu anachokijua kinageuka kuwa kitu kigeni. Mwalimu anasoma kitabu cha Kiingereza, anaeleza kwa Kiswahili kwa sababu haki ya mtoto inamdai hivyo, kisha anaandika maelezo ya Kiingereza ubaoni ili wanafunzi wayakariri kwa ajili ya mtihani. Walimu mlioko hapa mnajua kwamba sikuzua lolote.

Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta iliona hali hii. Katika taarifa yake ya mwaka 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie kidato cha kwanza kuanzia mwaka 1985 na kipande hadi chuo kikuu. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 utafiti uliogharamiwa na Waingereza wenyewe ulithibitisha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa Kiingereza, na jibu lililochaguliwa likawa kuongeza Kiingereza. Katika mjadala huo Mwalimu mwenyewe alikitetea, akikiita Kiswahili cha dunia. Yule aliyewafundisha wazee kusoma kwa Kiswahili hakukubali wajukuu wao wasome fizikia kwa lugha hiyohiyo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili katika ngazi zote, lakini mitihani mingi ya kidato cha nne bado inaandikwa kwa Kiingereza.

Najua jibu la wazazi wa Karatu, na ni jibu zito. Mji huu unaishi kwa utalii. Magari yanayopanda kwenda kreta ya Ngorongoro yanapita mbele ya milango yetu, na kijana asiyejua Kiingereza habebi mgeni wala hapati kazi ya lodji. Nakubali kabisa. Basi tukifundishe Kiingereza vizuri, kama somo, na walimu waliokisomea. Wagiriki wa leo wanasoma udaktari kwa Kigiriki na wanazungumza Kiingereza na watalii wanaofika Athens.

Lazima pia niwe mkweli kwa upande wa pili. Karatu na Ngorongoro ni sehemu ya ukanda wa pekee barani Afrika: hapa Kiiraqw cha Wakushi, Kimaasai na Kidatooga vya Waniloti, Kihadza cha ziwa Eyasi, na Kiswahili cha Wabantu hukutana katika soko moja. Kihadza kina wazungumzaji takribani elfu moja. Kwa mtoto wa Kihadza siku ya kwanza shuleni Mang'ola, hata Kiswahili ni ukuta. Mwangaza unaozima lugha nyingine ili uwake mmoja si mwangaza kamili. Katika madarasa ya awali mwalimu aruhusiwe, tena ahimizwe, kueleza kwa lugha ya mtoto hadi Kiswahili kishike.

Oldupai kwa wenye Oldupai

Ukuta wa lugha uko hata kwenye urithi wetu. Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey alikuta katika bonde la Oldupai fuvu la kiumbe aliyeishi takribani miaka milioni 1.75 iliyopita. Mwaka 1978, kule Laetoli karibu na Endulen, timu yake ikafukua nyayo zilizokanyaga majivu ya volkano miaka milioni 3.6 iliyopita, zikionyesha kwamba viumbe wa jamii yetu walitembea kwa miguu miwili zamani zile. Vitabu vikubwa vya utafiti wa Oldupai vilichapishwa Cambridge, kwa Kiingereza. Mwongoza watalii anamweleza mgeni wa Chicago habari hizo kwa ufasaha, jioni anarudi nyumbani, na mama yake hajui kwa nini wazungu wanapita na magari kila siku kwenda kutazama mawe.

Hilo ndilo pengo ambalo Korais angeliziba kwa utangulizi. Tunao wanaakiolojia Watanzania, tunao walimu, tunao waongoza watalii wanaojua simulizi yote kwa kichwa. Tunahitaji kitabu kimoja kwa Kiswahili safi kinachoeleza Oldupai na Laetoli kwa mtoto wa darasa la tano na kwa mzazi wake: mawe yanapimwaje umri, majivu yalihifadhije nyayo, na kwa nini Ngorongoro ilitangazwa eneo la hifadhi mwaka uleule wa 1959 na wafugaji wakaruhusiwa kukaa humo na mifugo yao.

Ombi

Ninaomba mambo matatu. Kwa serikali: tekelezeni sera yenu wenyewe, muanze na sayansi kidato cha kwanza, huku Kiingereza kikifundishwa kama somo kwa umakini mkubwa zaidi kuliko sasa. Kwa wenye hoteli na kampuni za utalii za wilaya za Karatu na Ngorongoro: fanyeni walichofanya ndugu wa Zosimas, lipieni uchapaji wa kitabu hicho na kigawiwe bure kwa kila shule ya msingi kuanzia Karatu hadi Endulen. Kwa ninyi walimu: msingoje. Andikeni kurasa zenu za Kiswahili, mzitumie darasani, mzibadilishane. Korais hakuwa na wizara, na aliandika. Sisi tunayo wizara, tunao wachapaji, na tunayo lugha inayozungumzwa na mamilioni. Hatuna kisingizio.