Taarifa za Wachimbaji wa Mambo ya Kale Zimelala Wapi?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniandikia akitaka nizungumzie kazi yangu serikalini. Kazi ya mtu anayeshinda na majalada haina hadithi nyingi. Lakini liko jambo moja linalonikera, nami naona hapa ndipo pa kulitoa, kwa kuwa miongoni mwenu wamo wahandisi, wapima ardhi na wanasheria.

Mnajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Mara nyingi katika kundi la wapimaji huwamo mtaalamu wa mambo ya kale. Hupita njia ya bomba au barabara kwa miguu, huchimba vishimo vya majaribio, huokota vigae vya vyungu na mavi ya chuma (msicheke, ndilo jina lake), kisha huandika taarifa. Kibali hutoka, tingatinga huanza kazi. Na taarifa je? Nakala moja masijala, moja kwa mwenye mradi, moja kwa mwandishi mwenyewe. Kitabuni haiingii, na maktaba haifiki.

Miaka kadhaa iliyopita lilinijia jalada la upanuzi wa barabara katika wilaya moja ya pwani. Liliandikwa kwamba eneo lile halijapata kuchunguzwa. Tulipokwenda kijijini, mzee mmoja akatuambia kwamba vijana walikwisha kuja kuchimba, na yeye ndiye aliyekuwa akiwachotea maji. Tuliitafuta taarifa ile wiki tatu. Kampuni iliyoagiza kazi, sitaitaja, ilikuwa imehama ofisi na kutupa karatasi. Mwishowe tuliipata ndani ya sanduku la bati, kwa mtoto wa marehemu aliyeiandika. Maneno yalisomeka vizuri. Ramani mchwa walikuwa wameimaliza, na greda lilikwisha kupita.

Wenzetu Uingereza walifikwa na msiba wa namna hii kwa wingi zaidi. Mwezi Novemba 1990 serikali yao ilitoa mwongozo wa mipango, PPG 16, ulioufanya uchunguzi wa mambo ya kale kuwa sehemu ya maombi ya ujenzi, na gharama zikawaangukia wajenzi. Taarifa zikarundikana katika ofisi za wachimbaji na za wilaya. Profesa Richard Bradley wa Chuo Kikuu cha Reading, alipokuwa akiandika kitabu chake juu ya Uingereza na Ireland za kale, kilichotoka mwaka 2007, ilimlazimu azunguke ofisi hizo akizisoma moja moja. Fikirini: profesa mzima, kazi ya kubisha hodi!

Dawa yao ilikuwa faharasa. Katika Chuo Kikuu cha York mwaka 1996 ilianzishwa hazina ya kumbukumbu za akiolojia, iitwayo kwa kifupi ADS. Ukaja na mpango wa OASIS: mchimbaji hujaza fomu katika intaneti, akaambatanisha taarifa yake, wakaguzi wa eneo wakaipitia, ndipo ikawekwa wazi na kupewa namba ya kudumu isiyobadilika hata anwani ikibadilika. Sasa zimo makumi ya maelfu ya taarifa. Mtu aliyeko Lindi anaweza kuzisoma bure usiku huu, akitaka.

Naomba tusichanganye faharasa na kupiga picha karatasi. Mnalikumbuka lile kasha la kadi katika maktaba yetu? Vitabu elfu bila kasha lile vilikuwa ni mbao tu. Vivyo hivyo picha elfu za taarifa ndani ya kompyuta bila kujua ni wapi, lini, nani alichimba, kwa nini, alipata nini, na vitu vyenyewe viko ghala gani. Na hata zile taarifa zisemazo "hatukuona kitu" ziingie. Hizo ndizo zinazotupwa kwanza, ilhali ndizo zitakazomwambia mwingine asirudie shimo lile lile.

Najua mtu atasema tutawaonyesha wezi njia. Ni hoja ya haki. Faharasa itaje kata; ramani kamili abaki nayo msimamizi, aitoe kwa mwenye kibali. Hoja ya siri za biashara siikubali. Kigae cha chungu hakina bei ya zabuni.

Neville Chittick alichimba Kilwa, na mwaka 1974 kitabu chake kikatoka, majuzuu mawili. Alikuwa na taasisi nyuma yake. Kijana anayepita njia ya bomba leo amepewa wiki chache, na kazi nyingine inamngoja. Kitabu ataandika lini?

Nimekuja na fomu, ukurasa mmoja, maswali manane. Ziko mezani karibu na mlango. Wenye makampuni, fungueni makabati yenu Jumatatu, mwandike mlichonacho, hata kama ni jina la mahali na mwaka tu. Mimi na wenzangu wawili tutaziingiza katika kompyuta jioni, baada ya saa za kazi. Aliyefanya kazi ya bomba la maji mwaka ule wa mafuriko, nimekuona pale nyuma. Yako naingojea kabla ya chakula.