ULINZI WA NDEGE WATAGAO CHINI MASHAMBANI
Mazungumzo ya Bwana Shamba kwa wakulima wa Mbulu na Hanang



Leo tuzungumze juu ya kanga na kwale. Ndege hawa hawatagi juu ya miti. Hutaga chini, katika majani marefu kando ya shamba, na pengine ndani ya mazao. Tena hutaga wakati wa mvua, yaani wakati ule ule tunapopalilia na kukata majani ya ng'ombe. Hivyo jembe au panga huharibu kiota kabla mwenyewe hajakiona.

Wako wasemao kwamba kila ndege ni adui wa mkulima. Sivyo. Kweleakwelea, mharibifu wa mtama na ngano, hujenga katika miiba na matete, wala hatagi chini. Kanga naye hufukua mbegu zilizopandwa karibuni. Mfukuzeni siku hizo mpaka miche ishike. Lakini siku nyingine hula wadudu na mbegu za magugu, na vifaranga wake hutegemea sana wadudu. Hawezi kuokoa shamba lililovamiwa na viwavijeshi, ila ni kibarua asiyedai mshahara.

Kanga hutaga mayai 6 hadi 12, au zaidi, na kuyalalia siku 26 hadi 28. Vifaranga huondoka kiotani upesi baada ya kuanguliwa. Basi ukimkuta amekwisha kulalia, unangoja muda usiofika mwezi mmoja, na nafasi unayoiacha ni ndogo.

Fanyeni hivi:

1. Kabla ya kukata majani, piteni polepole mkiyapigapiga kwa fimbo. Ndege akiruka, tazameni pale alipotoka.

2. Mkiona kiota, msiyashike mayai. Acheni majani hatua mbili kila upande. Simikeni kijiti mbali kidogo, ili wapaliliaji wajue.

3. Msilime wala kufyeka makingamaji yote kwa siku moja. Majani yale huzuia udongo usichukuliwe na mvua katika miteremko yetu, na hapo hapo ndipo ndege hujificha.

4. Wenye mashamba makubwa ya ngano, kama huko Basotu, anzeni kuvuna katikati mkienda nje, ili vifaranga wapate njia ya kukimbia.

5. Msichome moto mabaki ya mazao. Moto huua ndege na kuuondolea udongo chakula chake.

6. Mbegu zilizopakwa dawa zifukieni zote. Zikibaki juu, huua ndege.

7. Wafundisheni watoto wachungao wasiokote mayai, na mbwa wasiachwe kuzurura vichakani.

Kumbukeni pia kuwa, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuwinda bila leseni ni kosa.

Ndugu zangu, kiota kimoja kikikatwa, kundi zima la mwaka ujao limekatwa. Kazi ya kukilinda ni ya dakika chache tu. Palilieni kwa bidii, lakini tazameni mbele ya jembe.