Kumsimamia Mtoto Aliyeonewa



Baba Askofu, mapadre, masista, walimu wenzetu, nanyi Wakristo wote wa parokia zetu: katika jubilei hii tumesikia mengi ya makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, nasi tumemshukuru Mungu. Sisi makatekista tumepewa kunena habari ya watoto, nayo si ya kupigiwa vigelegele.

Twajua wote jinsi mambo yaendavyo. Mtoto apigwa hata kuvimba, au ashindishwa na njaa katika nyumba yenye chakula, au binti aharibiwa na mjomba wake. Jirani asikia kilio usiku, asema ya nyumba ya watu hayamhusu. Jambo likivuma, wazee wa pande mbili huketi faraghani, hutoza mbuzi au fedha, hupeana mikono, basi limekwisha. Limekwisha kwao. Mtoto arudi kulala katika nyumba ile ile, na mbuzi yule, si yeye aliyemla.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 haikubali hayo. Imemwagiza kila mtu katika jamii, ajuaye ya kuwa haki za mtoto zavunjwa, au ya kuwa mzazi mwenye uwezo akataa kumpa chakula, mavazi, matibabu au elimu, apeleke habari kwa serikali ya mahali pale. Haikusema ndugu tu, wala mwalimu tu.

Lakini kupeleka habari ni mwanzo. Baada ya polisi yatakiwa hospitali, kisha mahakama, kisha mahakama tena kwa kuwa shauri limeahirishwa. Mama hana nauli; shangazi amwonya asiuaibishe ukoo; mwisho shahidi haonekani, na mshtakiwa aachiliwa. Mtoto huyo alihitaji mtu mzima mmoja asiyechoka.

Dada yake Musa hakuwa na cheo. Alisimama mbali na mto, akakiangalia kisafina, na binti Farao alipokiona, msichana yule akasogea akanena kwa ajili ya nduguye. Na huko Marekani, katika mji wa Seattle, mwaka 1977, hakimu David Soukup aliona ya kuwa akata mashauri ya watoto walioteswa au kutupwa pasipo kuzijua habari zao sawasawa. Akawaomba raia wa kawaida wajitolee, kila mmoja amjue mtoto, kisha aieleze mahakama yaliyo mema kwake. Watu wakaja pasipo mshahara, na kazi ile ikaenea nchini mwao. Hatusemi tuige yote. Twatwaa hili tu: mtu mmoja kwa mtoto mmoja, hata shauri liishe.

Mtu huyo amsikilize mtoto, asimtie maneno kinywani. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, maana dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa hizo. Asiogeshwe kwanza, wala nguo zake zisifuliwe. Polisi wanalo dawati la jinsia na watoto, aulize hilo. Mtoto mdogo akiogopa mahakama, amwambie ya kuwa aweza kutoa ushahidi pasipo kuapa, akiahidi kusema kweli. Na siri ya mtoto isifike kisimani.

Nanyi walimu, ninyi ndio mwaonao mapema: asinziaye kila asubuhi, aogopaye kengele ya kwenda nyumbani.

Tena twasema wazi. Mtenda akiwa katekista kama sisi, au mwalimu, au padre, njia ni hiyo hiyo. Asihamishwe kigango kimya kimya, wala tusiambiane kwamba twalinda jina la Kanisa.

Twaomba kila jumuiya ndogo ndogo iteue watu wawili, mwanamume na mwanamke, na majina yao yapelekwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii apate kuwachunguza na kuwafundisha. Nauli ya mahakamani itoke katika sadaka ya kigango. Asiyeiweza kazi hii aishike namba 116, simu ya watoto isiyo na malipo, awafundishe walio nyumbani mwake.